Kwa Mwalimu Mpya wa Vijana Kanisani

Ukikabidhiwa darasa la vijana kwa mara ya kwanza, bila shaka utashughulishwa zaidi na masomo: ufundishe nini, uanzie kitabu gani cha Biblia, uzungumze kwa muda gani. Hayo yana nafasi yake, lakini nakushauri uanze kwa kuwafahamu wazazi na walezi, kwa sababu wewe utakuwa na vijana hao muda wa ibada moja au kipindi kimoja kwa juma, na siku zote zilizosalia imani yao hujengwa au hudhoofishwa nyumbani.

Maandiko yenyewe yanaliweka jukumu hili mikononi mwa mzazi. Kumbukumbu la Torati 6:7 linamwagiza ayanene maneno ya Bwana aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Darasa halitajwi kabisa. Martin Luther naye, mwanamatengenezo wa Kanisa wa Ujerumani, alipotoa Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529, alieleza kwamba mkuu wa nyumba ndiye awafundishe jamaa yake sehemu za kitabu hicho kwa njia nyepesi. Mwalimu ni msaidizi wa mzazi, na anayesahau hilo huishia kushindana na wazazi mbele ya watoto wao.

Njia ninayoiamini ni kumpa kila kijana swali moja la kwenda nalo nyumbani, swali ambalo mzazi pekee ndiye mwenye jibu lake, kwa mfano: «Mama, ni lini ulipoanza kuomba kwa maneno yako mwenyewe?» Wazazi wengine watababaika, kwani hawajawahi kuulizwa jambo kama hilo na watoto wao. Si vibaya. Katika sura ile ile ya 6 ya Kumbukumbu la Torati, aya ya 20, mwana anauliza maana ya amri, na jibu analopewa linaanza na habari ya maisha: «Tulikuwa watumwa wa Farao huko Misri.» Kijana anayesikia mzazi wake alikotoka na jinsi Mungu alivyomshika mkono huzielewa amri kwa namna ambayo mimi na wewe hatuwezi kumpatia darasani.

Zipo nyumba ambamo mzazi mmoja haamini, au hakanyagi kanisani. Usithubutu kumtolea mfano mbaya mbele ya mwanawe, hata kwa mafumbo. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, kama Matendo 16:1 inavyosema, na Paulo anapoitaja imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike hamsemi baba huyo kwa ubaya wowote.

Maswali magumu yatakuja, na mara nyingi huja mkiwa mmekwisha kufunga kwa sala, wengine wakitoka nje. Msichana anabaki akipanga viti ambavyo hakuna aliyemtuma kuvipanga, kisha anauliza bila kukutazama kwa nini nyumba nzima ilimwombea bibi yake na bado akafa. Hapo usikimbilie kusema ni mapenzi ya Mungu. Hata kama unaamini hivyo, jibu hilo likitolewa upesi linamfunga mdomo. Keti. Mwulize bibi alikuwa mtu wa namna gani, umsikilize hadi amalize, halafu msome pamoja Zaburi ya 13, ambamo mwombaji anathubutu kumwuliza Mungu, «Hata lini utanisahau, hata milele?» Akiona kwamba malalamiko yake yamo ndani ya Biblia, hatadhani kwamba kuuliza ni kukosa imani.

Mazungumzo ya namna hiyo yafanyike mahali ambapo watu wengine wanawaona, mlango ukiwa wazi. Wala usimwahidi kijana kwamba utatunza siri kabla hujaijua. Mweleze mapema kwamba akikuambia kuna anayemdhuru, utalifikisha jambo hilo kwa wenye wajibu wa kumlinda, na ikiwa anayemdhuru yumo nyumbani mwake, usimrudishe kwa huyo huyo kwa kisingizio cha kuheshimu wazazi.