Kayaki kwenye barafu ya Alaska

Dada, umeuliza kama mtu wa Moshi asiyezoea bahari anaweza kupiga kasia kwa kayaki Kenai Fjords, hifadhi ya taifa ya pwani ya Alaska. Unaweza, ila nenda na kiongozi, kati ya Juni na Agosti. Boti inakutoa mji wa Seward hadi ghuba ya Aialik. Barafu ya Kibo tunaitazama kwa mbali. Ile ya Aialik inashuka hadi baharini, na vipande vikubwa humeguka na kuinua mawimbi. Kwa hiyo usiisogelee kabisa, tafadhali! Maji ni baridi ya kuua, vaa jaketi la kuokolea muda wote. Sili wakipumzika juu ya barafu, wapitie mbali, maana wakishtuka wanajitosa majini na watoto huachwa. Nyangumi utawaona zaidi ukiwa njiani.