Je, shimo jeusi "huzima" nyota?

SWALI: Niliandika, "Shimo jeusi hai katikati ya galaksi huzima nyota." Mhariri akayafuta maneno mawili, "hai" na "huzima", bila kunieleza sababu. Nilikosea wapi?

JIBU: Kisarufi hukukosea popote. Tatizo liko kwenye maana, na kwa "huzima" namuunga mkono mhariri kabisa.

"Hai" lina utetezi wake, maana tumezoea kusema volkano hai. Lakini kinyume cha hai ni mfu, na shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali usioachia hata mwanga, halijafa likikosa cha kumeza. Lile la galaksi yetu, ambalo uzito wake ni kama wa Jua mara milioni 4, limetulia tu. Likipata gesi ya kutosha litaamka. Ndiyo maana napendelea "amilifu", neno lenye mzizi mmoja na "amali". Linataja kazi, halitaji uhai, na kinyume chake ni "tulivu".

Sasa "huzima". Anayezima taa ameikuta inawaka. Nyota ambazo tayari zinawaka hazina habari na shimo hilo; zinaendelea kuwaka. Zinazoathirika ni zile ambazo bado hazijawa nyota. Nyota huzaliwa pale wingu la gesi baridi linapojikunja kwa uzito wake lenyewe. Shimo likiwa linakula, gesi inayolizunguka kabla ya kutumbukia hupata joto kali mno, ikang'aa, ikasukuma upepo wa gesi wenye nguvu kwenda nje. Wingu likipashwa joto halijikunji tena, na likipeperushwa hakubaki cha kutengenezea nyota. Huko ni kuzuia.

Tena hiyo "hu-" yako imebeba dai zito, kwa kuwa ni kiambishi cha jambo la kawaida, la siku zote. Mwaka 2017 wanaastronomia waliotumia darubini ya VLT iliyoko Chile walitangaza kuona nyota zikizaliwa ndani ya upepo wa aina hiyohiyo, uliosukumwa na shimo jeusi. Upepo unaotawanya gesi hapa unaweza kuikandamiza kule mpaka izae. "Linaweza" ingekuokoa.

Mimi ningeandika hivi: "Shimo jeusi amilifu kwenye kiini cha galaksi linaweza kuzuia nyota mpya zisizaliwe." "Katikati" yako si kosa, ukipenda irudishe. Ila "mpya" usiiache.