Mota mpya ya geti la kuteleza: lipime geti kwanza

Ndugu yangu wa Moshi, umeeleza kwamba mota ya geti lako la kuteleza imekufa baada ya miaka sita, na kwamba fundi anakushauri uchukue ya kuendesha geti la kilo 1,000 badala ya ile ya geti la kilo 500 uliyokuwa nayo. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe hapa Njiro, Arusha, ambako nimebadilisha mota mara mbili kwenye geti lilelile, na mara ya kwanza nilipoteza fedha kwa kwenda dukani kabla ya kulikagua geti lenyewe.

Mota niliyonunua mara hiyo ya kwanza ilifanya kazi miezi 14 tu. Mvua za masika zilikuwa zimejaza udongo kwenye reli, beringi ya gurudumu la nyuma ilikuwa imekwama, na geti likawa linaburuzwa badala ya kubingirika, huku mota ikivumilia mpaka gia yake ya plastiki ikaisha meno. Fundi alipoifungua aliniwekea gia hiyo kiganjani: upande mmoja meno yalikuwa bado makali, upande wa pili yamelika na kulainika kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.

Kwa hiyo, kabla ya kujadili kilo 500 au 1,000, iachie mota kwa ufunguo wake wa dharura ili geti lisogee kwa mkono, funga kamba kwenye geti, uiunganishe na mizani ya ndoano ya kupimia magunia, kisha uvute taratibu usawa wa reli. Soma kilo zinazohitajika kulianzisha geti, halafu zile za kuliendeleza, na ufanye hivyo kwa kufungua na kwa kufunga, kwa kuwa reli nyingi zimeinama bila mwenye nyumba kujua. Geti langu, lenye urefu wa mita nne, lilidai kilo 38 kulianzisha; baada ya kubadilisha magurudumu yote mawili na kunyoosha reli, lilidai 11, ilhali uzito wake ulikuwa uleule. Kilo zilizoandikwa kwenye boksi ni za geti linalobingirika vizuri kwenye reli iliyonyooka. Nguvu halisi ya kuvuta huandikwa ndani ya kijitabu kwa nyutoni, na kila kilo moja uliyosoma kwenye mizani ni karibu nyutoni 10, hivyo unaweza kulinganisha mwenyewe bila kumtegemea muuzaji.

Mota kubwa kwenye geti bovu ina hatari nyingine, nayo ni kwamba fundi huipandishia nguvu ili isisimame njiani, na geti la namna hiyo halisimami hata likimkuta mtoto. Nchini Marekani, mota za milango ya gereji za majumbani zinazotengenezwa tangu 1993 zinatakiwa kisheria kuwa na kinga ya ziada, kama vile macho ya mwanga yanayourudisha mlango mtu akikatiza chini yake, na sheria hiyo ilitokana na vifo vya watoto. Usikubali kufungiwa mota bila macho hayo, hata ukiambiwa ni gharama ya ziada. Jicho linalopokea mwanga lisielekezwe kwenye jua la asubuhi wala la jioni, la sivyo geti litagoma saa zilezile kila siku.

Kuhusu umeme, chagua mota inayoendeshwa na betri, ambayo umeme wa gridi huichaji tu, ili ukikatika usibaki nje usiku ukitafuta ufunguo wa dharura. Nyingi hutumia betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ileile ya kengele za wezi, na kwangu hudumu takriban miaka miwili. Mota iliyotumika kutoka Marekani iache, kwa sababu ilitengenezwa kwa volti 120 na sisi tunatumia 230. Rimoti iwe ya namba ya siri inayobadilika kila unapobonyeza, kwa kuwa zile za namba moja ya kudumu hunakiliwa kwa dakika chache.

Mota yangu ya pili iliwahi kuzimika ghafla nikadhani ni radi. Nilipofungua kifuniko nilikuta mjusi kafiri aliyekauka juu ya bodi ya umeme ya mota, mkia wake umelala juu ya viunganisho viwili, na pembeni sisimizi wamejenga udongo kuzunguka fyuzi. Bodi ilipona baada ya kusafishwa, nami nikaziba kwa silikoni tundu la waya lililokuwa limeachwa wazi chini yake. Radi nayo ni tishio la kweli huku kwetu, kwa hiyo dai waya wa athi na kifaa cha kuzuia umeme unaorudi kwa kishindo.

Jina la kampuni halikunisaidia kuchagua kama swali moja nililouliza dukani: nionyesheni bodi na gia ya mota hii. Duka la kwanza liliniambia huagizwa Dar es Salaam. La pili lilitoa vyote viwili kutoka kabatini, nikanunua hapo hapo, pamoja na gia moja ya akiba. Ukishapima, andika hapa kilo ulizopata, urefu wa geti na hali ya magurudumu, maana ikiwa ni chini ya kilo 15 sioni sababu ya wewe kulipia mota ya kilo 1,000.