Metali Nairobi? Ipo, na ina wenyewe

Ndugu, umeuliza kama mtu anaweza kuhudhuria shoo za hevi metali, ule muziki wa roki wa magitaa mazito, bila kupanda ndege. Anaweza, mbona! Mimi nilianza enzi za Last Year's Tragedy na Seeds of Datura, bendi za hapa hapa Nairobi, kwenye baa ambazo siku nyingine hupiga rumba na benga. Meza zinasukumwa kando, jukwaa tayari. Kichekesho ni fundi wa mitambo: gitaa likianza kukwaruza anadhani spika imepasuka, anakimbilia kupunguza sauti, naye mpiga gitaa anamwonyesha kidole juu, pandisha! Mbele ya jukwaa watu wanapigana vikumbo, lakini ukianguka mikono kadhaa inakuinua papo hapo. Vaa viatu vya kufunga, ndala zitabaki huko.

Walionigeuza kabisa ni Duma, yaani Martin Kanja na Sam Karugu. Albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala: hakuna mpiga ngoma, ni mashine na mayowe. Wengine wanasema hiyo si metali. Wasikilize kwanza. Kanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu ya The Adept mwaka 2024, akamuenzi bibi yake mkuu, Field Marshal Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau. Halafu mtu aniambie huu ni muziki wa wazungu!

Shoo huanza kwa kuchelewa, kwa hiyo panga mapema usafiri wa kurudi.