Usimbaji wa Data Usiishie Kwenye Hifadhi

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku huko Urambo, Tabora. Kila usiku programu yetu huchakata katika wingu (kompyuta za kukodi kupitia mtandao) uzito wa marobota, malipo na namba za simu za wanachama. Tumewasha usimbaji fiche, yaani kugeuza data isisomeke bila ufunguo, kwenye hifadhi ya faili. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu karani. Faili ikishasomwa hufunguliwa, na mara nyingi vipande vyake huandikwa kwenye diski ya muda ya mashine inayochakata. Diski hiyo nayo isimbwe, na data inayosafiri ipite kwenye TLS, utaratibu unaosimba data ikiwa njiani mtandaoni. Panaposahaulika zaidi, na ndipo ninapokusihi uangalie leo, ni kumbukumbu za utendaji (logs), yaani faili ambamo programu huandika yale inayoyafanya, kwani mstari mmoja wa hitilafu unaosema “malipo ya namba fulani yamekataliwa” humwacha mkulima wazi mbele ya kila mwenye ruhusa ya kuzisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka mzilinde taarifa hizo, na wanachama wenu wanastahili hivyo hata pasipo sheria.

Ufunguo wa usimbaji utunzwe katika huduma ya funguo, yaani huduma maalumu ya kuhifadhi funguo hizo, kamwe usiandikwe ndani ya programu. Akaunti inayoendesha kazi iruhusiwe kuutumia, si kuufuta, kwa sababu ufunguo wa biti 256 wa AES (njia ya kusimba data) ukipotea bila nakala, hakuna fundi atakayeirejesha data. Faili za misimu iliyopita zikaguliwe pia: mpangilio mpya wa usimbaji kwa kawaida hauzigusi, hivyo zinakiliwe upya ili nazo zisimbwe.