Kesi ya Reed: Ginsburg alishinda nini hasa?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili. Mwalimu anasema wakili Ruth Bader Ginsburg aliwashindia wanawake wa Marekani mwaka 1971 katika kesi ya Reed dhidi ya Reed, ilhali kitabu kinasema kipimo cha sheria zinazobagua kwa jinsia kilipatikana 1976. Nimfuate nani?

JIBU: Wote wako sahihi, kwa sababu kushinda shauri ni jambo moja na kukubaliwa kanuni uliyoiomba ni jambo jingine.

Sally na Cecil Reed, wazazi waliotengana huko Idaho, kila mmoja aliomba usimamizi wa mirathi ya mtoto wao aliyefariki bila wosia. Mali yenyewe haikufika dola 1,000. Sheria ya jimbo iliagiza kwamba waombaji wakiwa na haki sawa, mwanamume atangulizwe, na hakimu hakutakiwa hata kupima nani anafaa zaidi. Mimi nashughulikia mirathi kila siku, na kifungu hicho kinaniuma kila ninapokisoma.

Ginsburg, aliyeongoza uandishi wa hoja za Sally, aliiomba Mahakama ya Juu itamke kwamba jinsia, kama rangi, ni kigezo cha kutiliwa shaka, ili serikali ibebe mzigo mzito wa kuutetea ubaguzi wowote unaotokana nacho. Juu ya jalada aliweka pia majina ya Pauli Murray na Dorothy Kenyon, ambao hawakushiriki kuziandika hoja hizo, kwa kuwa ndio waliotangulia kuijenga njia hiyo. Uungwana huo nauheshimu sana. Majaji waliibatilisha sheria kwa kauli moja, lakini kwa kipimo chepesi tu: kwamba ilibagua bila sababu ya maana, kinyume cha Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayodai sheria iwalinde watu wote kwa usawa.

Mwaka 1973, katika shauri la Luteni Sharron Frontiero, aliyetakiwa kuthibitisha kwamba mumewe anamtegemea ilhali wanajeshi wa kiume hawakutakiwa hivyo kwa wake zao, majaji 4 kati ya 9 waliafiki kipimo kizito. Ilipungua kura moja tu kipimo hicho kiwe kanuni.

Kipimo cha kati kilikuja 1976 katika kesi ya Craig dhidi ya Boren, iliyohusu umri wa kuuziwa bia Oklahoma, uliotofautiana kwa wanaume na wanawake, ambamo Ginsburg aliwasilisha hoja kama rafiki wa mahakama, yaani asiye mhusika wa kesi anayeisaidia mahakama kwa hoja: sheria ilenge jambo muhimu, na ubaguzi wake uwe na uhusiano wa dhati na lengo hilo. Katika mtihani, basi, itaje Reed kama chanzo na Craig kama kipimo.