Buibui mkubwa mlangoni mwa jiko

SWALI: Mhariri, tangu mvua za masika zianze kupungua, buibui mkubwa ambaye sijapata kuona mfano wake ametanda kati ya mwarobaini na paa la jiko letu la nje. Akinyoosha miguu anakaribia kuenea kiganja changu, mgongo wake ni mrefu wenye rangi ya fedha na manjano, na jua la asubuhi likiupiga utando wake, nyuzi hung'aa kama dhahabu. Pembeni wapo wengine wadogo sana, watatu au wanne, ambao nadhani ni wanawe. Mume wangu anataka kumpulizia dawa ya mbu, lakini mama mkwe amekataa katakata, akisema kuwa buibui ndiye aliyemsitiri Mtume pangoni. Nina mtoto wa miaka minne ambaye hupita hapo kutwa nzima. Je, buibui huyu ana sumu? – Msomaji, Pangani.

JIBU: Kwa maelezo yako, na hasa ya hizo nyuzi za manjano, mgeni wenu ni jike la buibui wa jamii ya nefila, ambao si wageni hata kidogo katika bustani za pwani yetu. Rangi hiyo ya dhahabu haitokani na jua. Imo ndani ya hariri yenyewe, hata wapo mafundi waliokamua hariri ya buibui zaidi ya milioni moja huko Madagaska wakafuma joho lililoonyeshwa London mwaka 2012.

Kuhusu sumu, karibu buibui wote wanayo, kwa kuwa ndiyo wanayoulia mawindo, kwa hiyo la kuuliza ni iwapo inamdhuru binadamu. Ya huyu haina madhara makubwa. Hamfuati mtu wala harukii. Hushinda katikati ya utando, kichwa chini, akisubiri mtikisiko wa panzi, nzi au nondo, na huuma pale tu anapobanwa au kushikwa kwa mkono. Anayeumwa hupata maumivu na wekundu ambao kwa kawaida hupungua baada ya muda mfupi, ingawa yeyote anayevimba sana au kupumua kwa shida apelekwe hospitali bila kusubiri.

Hao wadogo, kama ni wa rangi ya hudhurungi, si wanawe bali ni madume wanaomvizia, kwani katika jamii hii dume huwa kama punje mbele ya jike. Wakiwa wanametameta kama matone ya fedha, basi ni buibui wa jamii nyingine kabisa, wadokozi wanaoishi kwa kula mawindo ya mwenye nyumba.

Dawa ya mbu sikushauri, maana itaangukia masufuria kabla ya kumfikia yeye, na hapo nadhani mama mkwe ameshinda kesi hata bila kisa cha pango. Iwapo utando umeziba njia, chukua ufagio wenye mpini mrefu wakati wa jioni, ukate zile nyuzi nene zilizofungwa upande wa paa peke yake, naye atakimbilia upande wa mwarobaini na kujenga upya huko. Akirudi palepale, rudia. Mara nyingi buibui huhama mahali ambapo utando wake unavunjwa kila mara. Ukiwa juu kupita kichwa cha mtu mzima, uache.

Ninayemhofia zaidi kwa mtoto wako ni buibui mwingine, yule mnene mwenye manyoya mwili mzima, ambaye hakai kwenye utando wa hewani bali katika shimo lililotandikwa hariri mdomoni, ardhini au chini ya gogo. Kuumwa naye huuma vibaya sana na huweza kukaza misuli, kwa hiyo mkatazeni mtoto kuchokoa mashimo ya namna hiyo kwa kijiti, na kuni zilizorundikwa nyuma ya jiko zigeuzwe kwa fimbo kabla ya kushikwa.